Sailensa ya gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari wa Mtwara na Lindi

Kazi yangu ni ekzosi na kuchomelea, hapa Mtwara mjini. Maswali haya nimeulizwa na wateja, mengine nikiwa nimelala chini ya gari, mengine kwa simu mtu akiwa ameshasimama dukani Dar na sailensa mkononi. Nimeyaweka hapa ili uamue kabla hela haijatoka mfukoni. Nikisema ekzosi nina maana ya njia nzima ya moshi, toka kwenye injini mpaka mkiani. Sailensa ni lile kopo kubwa, mara nyingi la nyuma, linalomeza mlio.

Gari langu limeanza kunguruma. Lazima ninunue sailensa mpya?

Si lazima. Mara nyingi nakuta sailensa ni nzima, kinachovuja ni kiungo. Asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, washa gari, mwenzako akunje kitambaa kinene kilicholowa, azibe nacho mdomo wa bomba la nyuma kwa sekunde chache tu. Njia ikiwa nzima, kitambaa kitasukumwa mkononi mwake na injini itasikika inabanwa. Kukiwa na tobo utasikia "psss" kutoka mahali penyewe, na mara nyingi pana alama nyeusi ya masizi. Anza kuangalia gasketi ya manifoldi (bomba la kwanza la moshi, lililoshikana na injini), kisha kile kipande cha nyavu za chuma kinachopinda, halafu flenji (sahani za kuungania mabomba kwa boliti), mwisho mshono wa sailensa.

Sailensa yenyewe igonge kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na ukikisukuma kwa ncha kinabonyea kama karatasi. Hapo kiraka hakitashika, maana hakuna chuma cha kukishikia. Ukisikia kitu kinacheza ndani unapoitikisa, ujue ukuta wa ndani umekatika, hata kama nje inang'aa.

Mbona sailensa za huku zinaoza haraka kuliko za bara?

Kwa sababu zinaliwa pande mbili. Nje kuna chumvi. Upepo wa bahari unaibeba, inatua kwenye chuma, na chumvi huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Gari linalolala Shangani au kandokando ya ghuba ya Lindi linapokea chumvi usiku kucha. Anayeendesha kwenye mchanga wa Msimbati maji yakiwa yamekupwa anaipaka mwenyewe, tena ikiwa imelowa.

Ndani kuna maji, na hili wengi hawalijui. Petroli ikiungua inazaa maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, yakitoka kama mvuke. Ekzosi ikiwa ya moto, mvuke unatoka wote. Ikiwa ya baridi, unageuka matone na kutuama chini ya sailensa, umechanganyika na tindikali inayotokana na moshi. Kwa hiyo gari la safari fupi, nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi shuleni, linaoza haraka kuliko linalokwenda Masasi kila wiki. Niliwahi kupasua sailensa ya gari dogo ambalo halikuwa likitoka mjini. Juu ilikuwa na rangi yake ya kiwandani. Chini, sentimita chache kutoka kwenye mshono, kulikuwa na mstari kama alama ya maji kwenye mtungi, na kila kilichokuwa chini ya mstari huo kilikuwa vumbi jekundu.

Sailensa nyingi za kiwandani zina kitobo cha milimita chache upande wa chini ili maji hayo yatoke. Watu huleta gari wakitaka nikizibe kwa kuwa "kinavuja". Usikizibe. Kisugue tu kwa waya kikiziba kwa tope. Na mara moja kwa wiki lipe gari nusu saa ya barabara ndefu ili ekzosi ipate moto mpaka mkiani.

Basi nichague ya chuma gani?

Hapa ndipo ningependa utumie hela yako, kabla ya kufikiria mlio wala urembo wa mdomo. Aina utakazokutana nazo ni nne.

Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nyeusi au ya fedha ndicho cha bei ya chini. Rangi hiyo huungua miezi ya mwanzo, kisha chuma kinabaki uchi. Kwa gari unalokusudia kuliuza mwezi ujao sina neno. Kwa gari la kukaa nalo Mtwara, rahisi huvunja upishi.

Chuma kilichopakwa alumini kina rangi ya kijivu isiyong'aa sana, kama sufuria mpya. Hiki ndicho napendekeza kwa wateja wengi. Alumini inavumilia joto na inazuia kutu vizuri. Udhaifu wake uko kwenye kuchomelea, kwa sababu moto unaiunguza alumini pale kwenye kiungo, na kutu huanzia hapo hapo. Dawa yake ni kusugua kiungo na kukipaka rangi ya kuhimili joto siku hiyo hiyo.

Halafu stenlesi, nayo si moja. Kuna 409, yenye kromiamu kama asilimia 11. Inapata kutu ya juujuu, ya rangi ya chai, lakini haitoboki upesi, na viwanda vingi vya magari huitumia. Na kuna 304, yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, ndiyo inayobaki inang'aa. Hiyo ni ghali. Hata 304 chumvi ya bahari huweza kuidonoa vitundu vidogo isipooshwa, kwa hiyo usidhani ukishainunua umemaliza kazi ya kuosha.

Fedha ikiruhusu 409 tu, chukua 409 bila kusononeka. Ikiruhusu chuma cha alumini, chukua hicho kisha ununue kopo la rangi ya joto. Usikubali bomba la maji la zinki, yale ya plambingi, kuwa bomba la ekzosi. Ni zito, linavuta chini raba zote zinazoning'iniza ekzosi, na zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa usiku.

Muuzaji anasema ni stenlesi. Nitajuaje?

Nenda na sumaku ndogo. 304 haivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo sana pale bomba lilipokunjwa. 409 inavutwa. Chuma cha kawaida kilichochovywa kromiamu nacho kinavutwa. Kwa hiyo akikuambia "hii ni 304" na sumaku inang'ang'ania kila mahali, rudisha kaunta. Akikuambia 409, sumaku haitakusaidia. Angalia ndani ya mdomo wa bomba na kwenye mishono. Mng'ao wa kuchovya huishia nje, ndani unakuta chuma cheusi.

Nasema haya kwa kuwa niliuziwa. Duka moja Dar, silitaji, walinitumia kwa basi sailensa tatu za "stenlesi" zilizong'aa kama kioo. Nilizifunga kwenye magari ya wateja wangu kwa maneno yangu mwenyewe. Mvua za mwaka huo zilipokwisha, zote tatu zilikuwa zimevimba malengelenge na kubanduka kama gamba la kitunguu. Wateja hao nililazimika kuwarudishia hela, mmoja baada ya mwingine. Tangu siku hiyo sumaku iko kwenye mfuko wa ovaroli.

Ndani ya sailensa kuna nini? Zinatofautianaje?

Ya kwanza ina vyumba. Moshi unaingia chumba kimoja, unagonga ukuta, unapita bomba lenye vitundu, unarudi nyuma, unatoka. Mawimbi ya mlio yanagongana na kuuana humo humo. Sailensa nyingi za kiwandani ziko hivi, nazo ndizo kimya kuliko zote. Zipo za vyumba zilizotengenezwa makusudi zitoe mngurumo mzito, kama za Flowmaster kutoka Marekani.

Ya pili ni bomba la moja kwa moja. Ukiangalia upande huu unaona upande wa pili. Bomba la katikati limetobolewa vitundu vingi na kuzungushiwa nyuzi za kioo au za jiwe zinazofyonza mlio. MagnaFlow wanajulikana kwa aina hii. Moshi unapita bila kuzuiwa, ila nyuzi hizo huungua, hulowa na hupeperuka kidogo kidogo, kwa hiyo mlio wa mwaka wa tatu si ule wa siku ya kwanza. Kadiri kopo lilivyo refu ndivyo linavyofyonza zaidi. Vile vikopo vifupi vya urefu wa kiganja na nusu havinyamazishi kitu.

Katikati yao kuna zenye mabomba yaliyokunjwa mfano wa S na kuzungushiwa nyuzi. Kwa gari la familia linalotaka uhai kidogo bila fujo, hiyo ndiyo chaguo langu.

Itaniongezea nguvu?

Kwenye IST, Vitz, Corolla au Probox ambayo kila kitu kingine ni cha kiwandani, ongezeko ni dogo kiasi kwamba hutalisikia kwenye usukani. Mlio mkubwa unadanganya sikio ukadhani gari lina kasi. Injini ya taabo (turbo) ni habari nyingine, hiyo hufurahia njia pana ya moshi, ingawa hata hapo sailensa ni sehemu moja tu ya kazi. Kama gari limekosa nguvu ghafla, angalia plagi, chujio la hewa na masega (kile kipande cha kauri cha kusafisha moshi) yaliyoziba kabla ya kunilipa mimi.

Nimeambiwa gari lazima liwe na msukumo wa kurudi nyuma, la sivyo linakosa nguvu. Kweli?

Hakuna injini inayotaka moshi wake uzuiwe. Inachotaka ni moshi utembee kwa kasi ndani ya bomba la upana unaofaa, maana kila pigo la moshi likitoka kwa kasi husaidia kuvuta linalofuata. Ukiweka bomba pana mno kwenye injini ndogo, moshi unazubaa na kupoa, na gari linakuwa zito kwenye mizunguko ya chini. Ndiyo maana aliyeweka bomba la inchi mbili na nusu kwenye injini ya sisi (cc) 1,300 anahangaika kupanda Newala, kisha anasema amekosa "presha ya nyuma". Alichokosea ni upana.

Sailensa niliipenda ilivyolia gereji. Mbona safarini inanitesa?

Swali hili nalijibu kwa urefu kwa sababu limeshaniumiza mimi mwenyewe.

Nilipoanza kazi nilifunga kwenye Corolla yangu sailensa ya bomba la moja kwa moja na kukata kopo dogo la katikati. Mjini, toka Ligula hadi bandarini, ilikuwa raha tupu, nikikanyaga inajibu. Kisha ikabidi nimpeleke mama Dar es Salaam kliniki. Ni kama kilomita 560. Kabla ya Mingoyo alishaniomba nifunge vioo. Nikafunga, na ikawa mbaya zaidi, kwa sababu mlio huo haukuwa unaingia dirishani, ulikuwa unatetemesha bodi yenyewe. Ule si mlio wa kupiga kelele. Ni uvumi mmoja mzito usiopanda wala kushuka, unaoukalia ubongo. Kufika Nangurukuru mama alikuwa amejifunga khanga kichwani, ameegemea kioo, hasemi neno. Tulipovuka Daraja la Mkapa kichwa changu nacho kilikuwa kinagonga. Niliporudi Mtwara niliing'oa kabla sijaoga.

Chanzo chake ni hiki. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, moshi unatoka kwa mapigo kama 83 kila sekunde. Mapigo hayo yakikutana na urefu wa bomba na ukubwa wa bodi unaoitikia sauti hiyo hiyo, gari zima linavuma kama ngoma. Gereji gari likiwa limewashwa tu bila kukanyagwa mafuta uvumi huo huusikii, ukipiga resi huusikii, kwa sababu mizunguko inapita haraka. Unausikia ukishatulia kwenye mwendo wa safari saa nzima, na barabara yetu ya Kusini imejaa masaa ya aina hiyo.

Kwa hiyo, kwanza, lile kopo dogo la katikati, rezoneta, liache. Liliwekwa kwa kazi hiyo hasa. Pili, mwombe fundi aishike sailensa kwa klampu tu, asichomelee, halafu nenda nayo Mikindani na kupita mbele kidogo, vioo vimefungwa, ushike kilomita 80 kwa saa bila kubadilisha kwa dakika kumi. Mpakie na mtu nyuma, maana nyuma ndiko kunakovuma zaidi. Mtu huyo akikuambia anasikia masikio yamejaa, rudi ukabadilishe. Fundi anayekataa jaribio hili mwache.

Kama umeshachomelea na huna hela ya kubadilisha, ipo njia ya kuongeza bomba la tawi lililozibwa mwisho, ambalo hurudisha wimbi na kuua uvumi. Kwa mapigo 83 urefu wake hukaribia mita moja na nusu, na huko chini ya gari dogo kutafuta nafasi ya mita moja na nusu ni kazi.

Nipime nini kabla ya kuagiza kutoka Dar?

Ukikosea hapa utalipa nauli ya basi mara mbili. Pima kwa venia (kile kipimo chenye taya mbili za kubana bomba), usikadirie kwa macho. Wauzaji huongea kwa inchi, gari la Japani limepimwa kwa milimita, na inchi moja ni milimita 25.4. Magari mengi madogo yana bomba la milimita 38 hadi 45, na bomba la inchi mbili ni karibu 51, hivyo "inchi mbili hivi" inaweza kukuletea kitu kinachopwaya kabisa. Andika upana wa nje wa bomba linaloingia, upana wa ndani wa mdomo wa sailensa, urefu wa kopo bila midomo, na kimo chake. Eleza pia midomo iko wapi: katikati kwa katikati, au mmoja katikati mwingine pembeni. Piga picha ya chini ya gari ukiwa umeweka rula ionekane.

Kimo ni muhimu kwa wanaokwenda Nanyamba, Tandahimba au vijiji vya Liwale. Kopo lisining'inie chini kuliko sehemu iliyo chini zaidi ya gari. Kopo la bapa linafaa zaidi ya la duara hapo.

Mafundi wanashauri nitoe masega. Nikubali?

Hapana. Masega ni kile kipande cha kauri kilicho karibu na injini, kinachogeuza moshi wenye sumu kuwa hewa isiyo na madhara makubwa. Ukiyatoa, sensa ya oksijeni ya nyuma itagundua na taa ya injini itawaka kwenye dashibodi, mara nyingi kwa namba ya hitilafu P0420. Moshi utaanza kunuka na kuchoma macho ya mtu aliyesimama nyuma yako, na mara nyingi huyo ni mtoto wako anayefungua geti. Mlio nao unaongezeka, kwa hiyo sailensa yoyote utakayonunua itakuwa imepewa kazi ya ziada.

Kuna sababu nyingine ya ushauri huo ambayo huambiwi. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani kubwa. Wapo wanunuzi wanaozunguka gereji wakiyatafuta. Fundi anayekuambia "yameziba, tutoe tu" akupimie kwanza kwamba yameziba. Yakiwa yameziba kweli na yakatolewa, ni mali yako, yachukue.

Naingia shambani msimu wa korosho. Joto la ekzosi lina hatari?

Lina hatari kubwa. Masega hufika mamia ya nyuzi joto na hubaki ya moto muda mrefu baada ya kuzima gari. Chini ya mikorosho kuna majani makavu, na ukiegesha juu yake, yakagusa masega au sailensa, yanaweza kushika moto ukiwa umeshaondoka kwenda kupima gunia. Moto wa majani haubagui mti wa nani. Egesha pale palipofagiwa au kwenye mchanga mtupu. Yale mabati membamba yaliyofunikia ekzosi juu na chini usiyang'oe kwa kuwa yanapiga kelele. Yabane kwa klampu. Yanalinda tangi la mafuta, kapeti na majani hayo hayo.

Sailensa ya mtumba inafaa?

Inafaa ikiwa ni ya kiwandani ya gari kama lako na imetoka kwenye gari lililofika karibuni kutoka Japani. Mimi huipendelea hiyo kuliko mpya ya chuma chembamba. Inyanyue, ile nzito kuliko mwenzake wa umbo lile lile huenda ina maji au nyuzi zilizolowa. Igonge, itikise, kagua upande wa chini na kwenye mishono.

Magari mengine huja na sailensa za michezo za Kijapani, HKS au Fujitsubo. Zenye kibati cha JASMA, chama cha watengenezaji wa sailensa za michezo wa Japani, zilitengenezwa kwa kufuata kanuni za kule, ambako kikomo kwa magari mengi kilikuwa desibeli 96 zikipimwa nusu mita kutoka mdomoni. Kibati kinaeleza sailensa ilivyokuwa ikiwa mpya. Nyuzi zikishaungua, kibati hakina la kusema.

Fundi akianza kuchomelea, nisimamie nini?

Avue nyaya za betri kwanza. Umeme wa kuchomelea unaweza kuharibu kontrol boksi (kompyuta ya gari), na hiyo bei yake inazidi ekzosi nzima. Klipu ya ethi (waya wa kurudisha umeme wa mashine ya kuchomelea) aibane karibu na pale anapochomelea, si kwenye bampa. Asichomelee karibu na tangi bila kizuizi na maji karibu.

Stenlesi ikiunganishwa na chuma cha kawaida, fimbo inayofaa ni 309. Akitumia fimbo ya kawaida ya madirisha, kiungo kitakuwa chekundu kabla ya mwaka kwisha huku pande zote mbili ziking'aa. Na mwambie aache angalau kiungo kimoja cha flenji au klampu nyuma ya masega, ili siku nyingine sailensa ifunguke bila msumeno.

Mwisho raba. Ekzosi inatakiwa kuning'inia na kuyumba kidogo. Ikiwa imebanwa kwa waya wa kufungia au imechomelewa moja kwa moja kwenye chesisi, mtetemo wote wa injini utahamia kwenye bodi, na kitakachokatika ni kile kipande cha nyavu kinachopinda. Raba mpya ni kitu kidogo sana kwenye bili. Kama raba za injini nazo zimechoka, badilisha, vinginevyo utarudi.

Nasikia harufu ya moshi ndani ya gari. Nisubiri mwisho wa mwezi?

Usisubiri hata kesho. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, ambayo yenyewe haina harufu wala rangi, na hung'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Unachonusa ni vitu vingine vilivyo kwenye moshi huo. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi. Kwenye Noah iliyojaa wanafamilia na AC imewashwa, watu hudhani ni uchovu wa safari. Bomba lililokatika kabla ya kufika nyuma linamwaga moshi chini ya sakafu, na kila tundu la sakafu lililooza ni mlango. Fungua vioo vyote, funga buti, nenda gereji iliyo karibu. Usilale ndani ya gari hilo likiwa limewashwa. Na hata ukipendezwa na mdomo wa bomba uliofupishwa, hakikisha umetokeza nje ya bampa.

Trafiki atanisumbua? Na majirani?

Askari wa usalama barabarani wana mamlaka ya kukagua gari na kulizuia likiwa bovu, na ekzosi iliyotoboka au iliyokatwa kopo ni ubovu unaosikika kabla gari halijaonekana. Kelele pia zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ndio wasimamizi wake.

Lakini mimi nawaambia vijana jambo la karibu zaidi. Kila desibeli 10 zikiongezeka, sikio la binadamu husikia kama mlio umekuwa mara mbili. Ukipita saa sita usiku mbele ya Hospitali ya Ligula na gari lililokatwa kopo, kuna mgonjwa aliyekuwa amepata usingizi kwa shida. Kwa hiyo kazi ya kukata kopo na kuunganisha bomba tupu siifanyi, hata mtu akiweka hela mezani.

Pikapu ya dizeli nayo ni hivyo hivyo?

Karibu. Taabo yenyewe hunyamazisha moshi kiasi, kwa hiyo sailensa yake inaweza kuwa wazi zaidi bila kelele. Angalia masizi yasizibe, na angalia uzito, maana barabara mbaya hukata vishikio vya kopo zito.

Maji ya mafuriko yameingia kwenye bomba. Sailensa imekufa?

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, swali hili lilikuja kila siku. Injini ikiwa inazunguka, moshi husukuma maji nje. Ikizimika ndani ya maji usiwashe tena, vuta gari nje. Hatari kubwa iko upande wa mbele, pale injini inapovutia hewa, si nyuma. Likishatoka, tikisa ekzosi masega yakiwa yamepoa. Maji ya baridi yakiyakuta ya moto, kauri hupasuka na vipande vyake husafiri hadi kwenye sailensa na kuiziba. Zikisikika changarawe ndani, njoo tufungue. Kama hakuna, liendeshe mpaka bomba la nyuma liache kudondosha maji.

Nimeshafunga mpya. Nifanye nini idumu?

Baada ya kilomita mia mbili au tatu za kwanza, kaza boliti za flenji tena, kwa sababu gasketi mpya hulala ikipata joto. Ukitoka Msimbati au pwani yoyote, osha chini kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo, ekzosi ikiwa imepoa, na usitumie maji ya kisima chenye chumvi. Mwezi Oktoba, kabla mvua hazijaanza, nyanyua gari kwa jeki na uliweke kwenye stendi, sugua viungo vyote vilivyochomelewa na upake rangi ya joto tabaka mbili. Hakikisha kile kitobo cha chini bado kiko wazi.